Kofia ya Ogada

Nilikuwa mtoto wa darasa la nne, nimechuchumaa nyuma ya nyumba yetu mtaani Nyalenda nikisugua sufuria ya ugali kwa jivu, wakati jirani yetu Mama Risper alipochungulia juu ya ua wa mabati akasema, "Akinyi, mwambie mama yako bibi yenu ameshuka stendi. Amebeba kuku, na anatembea kama mtu anayeenda kwa chifu."

Niliacha sufuria hapo hapo. Dani, mama yake Baba, alikaa Katito na hakupenda mji. Akija kututembelea tu, alileta viazi vitamu na karanga. Kuku alimleta kwa mambo mazito.

Mama alikuwa ndani akikunja nguo za watoto, mitumba aliyouza soko la Kibuye. Nilipompa habari alitazama kitandani, alikolala mdogo wangu wa miezi mitatu. Kisha akachukua kofia ya sufu akamvika, ingawa mabati yalikuwa yanalia kwa jua.

"Nani amemwambia?" aliuliza, lakini hakuwa akiniuliza mimi.

Yeyote aliyekuja kumwona mtoto angeweza kuwa amemwambia. Kichwa cha mdogo wangu kilikuwa kimeota gamba. Lilianza kama unga unga kwenye nyusi, likapanda paji la uso, kisha likatanda utosi mzima, la manjano, lenye mafuta, limeshika kama ukoko wa uji. Nyuma ya masikio kulikuwa na wekundu. Yeye mwenyewe hakujali. Alinyonya, akanenepa, akalala. Aliyeteseka ni Mama. Wanawake wa kanisani walimbeba mtoto, wakanusa kidogo, wakamrudisha. Mmoja alimuuliza kwa upole kabisa, "Dada, huyu huwa mnamwogesha?" Mama alirudi nyumbani siku hiyo akaosha kila kitu tulichokuwa nacho, pamoja na mapazia. Na ubatizo ulikuwa Jumapili iliyokuwa inakuja. Mtoto angepelekwa mbele ya watu wote na kuitwa Samuel Omondi. Omondi kwa sababu alizaliwa alfajiri.

Dani aliingia, akatusalimu mmoja mmoja, akamfunga kuku kwenye mguu wa meza, akanywa maji. Ndipo akasema, "Nyar Maseno, nipe mjukuu wangu." Ndivyo alivyomwita Mama siku zote, binti wa Maseno, kama wake wa kwetu wanavyoitwa kwa walikotoka. Mama alimpa mtoto. Dani akaitoa ile kofia taratibu.

Nilidhani atashtuka. Alicheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akajipangusa kwa ncha ya leso.

"Ni yeye," alisema. "Nilimwona ndotoni, amesimama mlangoni kwangu, anaomba aingie. Nilipoamka nikasema, huyu amekwenda kwa mwanangu. Huyu ni Ogada."

Mama alikaa chini.

Kwetu mtoto ana jina la wakati aliozaliwa, na mara nyingine ana jina la mtu aliyetangulia. Marehemu akitaka kurudi nyumbani, huja. Huja katika ndoto ya mmoja wa wazee, au huweka alama kwa mtoto. Mtoto akilia usiku bila sababu, majina ya waliokufa hutajwa moja moja hadi anyamaze, na pale aliponyamaza ndipo jina lilipo. Jina likikataliwa, marehemu hukasirika na mtoto hudhoofika. Nilikuwa nimesikia haya tangu nikiwa mdogo kabisa kama vile nilivyosikia kwamba mvua hutoka juu.

Tatizo lilikuwa Ogada mwenyewe. Alikuwa mdogo wake babu yangu. Alipiga nyatiti, kinanda chetu cha nyuzi, kwenye kila matanga toka Katito hadi Kendu Bay, na kazi nyingine hakuwahi kuifanya. Aliazima jembe likawa lake. Aliazima suruali ya Baba ya harusi akazikwa nayo. Mama alipoolewa, Ogada alifika kwake kila siku saa ya chakula, na kabla hajasalimu alikuwa ameshafunua sufuria. Wakati wote, kanisani, mezani, hata akioga mtoni, watu walisema, alivaa kofia.

"Mama," Mama alimwambia Dani, kwa sauti ya heshima ambayo ilinitisha kuliko kelele, "yule mzee nilimlisha akiwa hai. Na akiwa amekufa pia nimlishe?"

"Si wewe unayechagua. Siku moja upepo uliipeperusha kofia yake, nikakiona kichwa. Kilikuwa hivi hivi. Manjano hivi hivi. Ameacha kofia yake hapa ili tumjue."

"Kliniki wamesema ni ngozi tu."

"Kliniki walimjua Ogada?"

Baba alirudi kutoka karakana alikokuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Aliwakuta wamekaa, mtoto katikati, kuku chini ya meza. Alisikiliza upande mmoja, akasikiliza wa pili, kisha akakumbuka kwamba ameacha mtungi wa gesi wazi, akatoka. Hakurudi hadi giza.

Usiku huo hapakuwa na maneno mengi. Dani alifungua pindo la leso, akatoa wembe mpya kwenye karatasi yake, akauweka mezani. Asubuhi angemnyoa mtoto, amwite jina, kuku achinjwe, na kofia ya Ogada itoke pamoja na nywele. Nilimwona Mama akiutazama ule wembe, halafu akikitazama kile kichwa kilichojaa magamba, ambacho hata ukikigusa kwa kidole kilikuwa laini chini yake kama yai. Mimi mwenyewe niliona damu kabla haijatoka.

"Mama yangu," alisema mwishowe, "nipe hadi Jumamosi. Nitamtibu kama kliniki walivyosema. Gamba likibaki, Jumapili ataitwa Ogada mbele ya mchungaji na utamnyoa kwa mkono wako. Likitoka, basi ni ngozi, na mwanangu ni Omondi peke yake."

Dani alifikiri. Alikuwa mwanamke wa haki. Hata sokoni hakugeuza maneno. "Nitakaa hapa nione," alisema. "Usije ukamkwangua kwa kucha nikiwa nimelala."

Kuku akapewa mahindi. Kesi ikaahirishwa.

Asubuhi iliyofuata Mama alinichukua tukaenda kliniki, mimi nikibeba mkoba. Muuguzi alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimvua mtoto kofia, akacheka naye kidogo, kisha akamgeukia Mama.

"Nilikuambia nini mwezi uliopita?"

"Nipake mafuta."

"Na baada ya mafuta?"

Mama alinyoosha mkono kuichukua ile kofia.

"Nilikuambia upake, usubiri lilainike, uchane kwa brashi laini, halafu uoshe kwa sabuni ya mtoto. Wewe umepaka, umepaka, umepaka. Mama, unakaanga mandazi?"

Wanawake waliokuwa kwenye benchi walicheka. Mama pia alicheka, lakini kwa shida. Halafu akasema ukweli, kwa sauti ndogo: aliogopa utosi. Aliogopa pale pa juu panapodunda. Tangu ajifungue kila mwanamke alimwonya asipaguse pale, asipamwagie maji, asipasugue, maana ndipo roho ya mtoto inapopumulia. Kwa hiyo alikuwa anapaka mafuta juu bila kuosha, na mafuta ya jana yakawa godoro la mafuta ya leo.

Wanawake wa kwenye benchi walianza kukagua vichwa vya watoto wao. Nadhani nusu yao walikuwa wanafanya hivyo hivyo.

Muuguzi alikichukua kidole cha Mama akakiweka juu ya utosi wenyewe, akakipitisha polepole. "Chini hapa kuna ngozi nzito kuliko unavyodhani. Humwumizi kwa kitambaa laini. Unamwumiza kwa kucha na wembe, kwa sababu kidonda kitaingiza uchafu." Akaeleza hata zaidi. Kwamba mtoto bado ana homoni za mama yake ndani yake, zile za wakati wa ujauzito, nazo huziamsha tezi za mafuta za kichwani. Kwamba kuna kuvu wadogo wasioonekana wanaoishi kwenye ngozi ya kila mtu, tajiri na maskini, na penye mafuta mengi hushiba wakasumbua ngozi. Kwamba gamba hilo si uchafu, haliambukizi, na hata wasipofanyiwa kitu wengi hupona wenyewe kabla ya kutembea. "Lakini kama likianza kutoa maji, au likitapakaa mwilini, au akiacha kunyonya, umlete hata kama nimeshafunga mlango."

Tulipokuwa tunatoka akauliza, "Na baba yake hana mba?"

Mama akasimama. Baba alikuwa na mba. Kola zake zote za bluu zilikuwa na unga, na kila baridi ya Julai nyusi zake zilibanduka. Mama alikuwa anamnunulia sabuni kali akidhani haogi vizuri. Alinitazama mimi kana kwamba nimeficha jambo, kisha tukaenda nyumbani.

Jioni hiyo kazi ilianza. Mama alipaka mafuta ya mtoto, akaacha mpaka chai ikachemka. Karai liliwekwa katikati ya chumba. Dani alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, mikono imefumbatwa, kama askari wa zamu. Mama alichukua brashi ndogo laini, akaanza pembeni, juu ya masikio. Vipande vilifumuka kama maganda ya karanga. Alikwenda vizuri hadi akafika juu. Hapo mkono ukasimama.

Utosi ulikuwa unadunda. Tuliuona sote.

"Kliniki wamesema," nilimkumbusha.

"Najua walichosema."

Dani alikuwa ameanza kuomba kwa midomo tu. Mama alichovya kitambaa, akakikamua, akafumba macho. Ndiyo, alifumba macho, huyu mama yangu ambaye aliwahi kumfukuza nyoka kwa mwiko. Akapitisha kitambaa juu ya utosi wa mwanawe. Mtoto alipiga chafya. Akaanza kunyonya ngumi yake.

"Hajafa," Dani alisema.

"Hajafa," Mama alisema, akafumbua macho, akaendelea kwa nguvu za mtu aliyeachiliwa.

Siku ya pili yake nywele kidogo zilitoka pamoja na gamba, na Dani aliinuka kwenye kigoda. "Unaona? Ogada anamvuta!" Lakini muuguzi alikuwa ameshasema nywele zitatoka na zitarudi, na Mama hakusimama. Katikati ya wiki Mama alichelewa Kibuye, na niliporudi kutoka shuleni nilimkuta Dani mwenyewe na karai. Amepaka, amesubiri, anachana. Hakuwa amekubali kushindwa; alisema tu kwamba mtu hawezi kumwacha mtoto na mafuta kichwani mpaka mama yake arudi kutoka sokoni. Mkono wake ulikuwa mzuri kuliko wa Mama, mwepesi, wa mtu aliyelea wengi. Na alikuwa anaimba. Aliimba nyimbo za matanga za Ogada, zile za kejeli, akimchana kwa mapigo yake, na kila penye jina alilitia: "Ogada wangu, Ogada mla vya watu, hebu geuza shingo."

Baada ya hapo kazi ya karai ikawa ya Dani. Mama alirudi jioni akasikia zile nyimbo toka njiani. Aliweka mzigo chini akawasha jiko. Alikuwa na mtoto anayekwenda akisafika, na mtu mzima wa kumwangalia bila malipo. Mwenye biashara ya sokoni hawezi kuvuruga jambo la namna hiyo kwa ajili ya jina. Mama Risper alikuwa akija kila siku kutazama, akiwapelekea majirani taarifa. Upande wa kisima walisimama na Omondi. Upande wa kanisa, ajabu, walisimama na Ogada.

Jumamosi ikafika. Mama alimbeba mtoto nje kwenye mwanga, akampa Dani. Dani alimkagua kama mtu anayenunua boga: mbele, nyuma, akakunja kila sikio. Kichwa kilikuwa kahawia safi, na vinywele vichache vilivyosimama kama vya mtu aliyeshtuka. Palikuwa na kipande kidogo cha gamba, kama kucha, nyuma ya sikio la kushoto. Nilikiona. Dani alikiona pia. Moyo wangu ulidunda kama ule utosi.

Dani alilifunika sikio lile kwa kidole gumba.

"Limetoka," alisema. "Umeshinda, Nyar Maseno." Akamlaza mtoto kwenye mkeka, akaingia ndani akachukua wembe mezani, akaufunga kwenye pindo, akatoka akaanza kutafuta viatu vyake, na kwa mara ya kwanza nilimwona kuwa mzee. Ogada alikuwa shemeji yake. Dani ndiye aliyemlea tangu akiwa mvulana, baada ya mama mkwe kufa. Kati ya wote waliokuwa kwenye boma lile alipoolewa, hakuna aliyebaki isipokuwa yeye. Sikuyajua hayo wakati huo. Baba aliniambia nikiwa mkubwa. Siku ile niliona tu bibi akitafuta viatu ambavyo vilikuwa mbele yake.

Aliinama amuage mtoto. "Haya, Ogada," alisema kwa mazoea, akajirekebisha, "haya, Omondi."

Mtoto alimtazama tu.

"Ogada?" Dani akanong'ona.

Na mdogo wangu akacheka. Hakuwahi kucheka kabla. Alitabasamu ndiyo, kwa gesi na kwa maziwa, lakini hiki kilikuwa kicheko chenye sauti, cha tumbo, kikamshtua hata yeye mwenyewe. Dani akarudia jina. Akacheka tena, miguu ikipiga hewa. Mama Risper alikuwa akichungulia juu ya ua, na alipiga vigelegele kana kwamba ameolewa upya.

Leo nina watoto watatu na ninajua kwamba mtoto wa umri ule humchekea anayemzoea. Wiki nzima alikuwa ameimbiwa jina lile na mikono laini kichwani. Angemwita Jembe angecheka. Mama pia, ambaye si mjinga, lazima alijua. Alisimama pale na ushindi wake, mikono kiunoni, akamtazama mtoto, akamtazama mama mkwe wake. Alikuwa na haki yote. Hakuna mtu angemlaumu.

"Mama," alisema, "acha hivyo viatu. Ataitwa Samuel Omondi Ogada. Lakini jina nalitoa mimi, si kofia. Na siku atakayofunua sufuria kabla ya kusalimu, namleta Katito na mizigo yake."

Dani alikaa chini kwenye vumbi akacheka mpaka mtoto akamsaidia. Kuku hakupona hata hivyo.

Mara nyingi watu huniuliza kama naamini mambo haya, hasa sasa ambapo mtoto wangu wa mwisho aliota gamba lile lile na mama mkwe wangu akaanza kukohoa kohoa na kutaja marehemu wa kwao. Mimi sina muda wa kuamini sana. Nilipaka mafuta, nikasubiri, nikachana, nikaosha, utosi na vyote, likatoka. Lakini nafikiri Dani hakukosea kama tulivyodhani. Kile kichwa kweli kilitoka kwenye ukoo wa Ogada. Kilipitia kwa babu, kikapitia kwenye kola za Baba, kikafika kwa mdogo wangu. Sasa yeye ni mwalimu huko Maseno, na msimu wa kusahihisha mitihani, akikosa usingizi, nyusi na ndevu zake humwaga unga. Daktari alimwambia hali hiyo huja na kuondoka, haitoki moja kwa moja. Anaosha kwa shampuu ya dawa, analiacha povu lifanye kazi kabla ya kusuuza, anapaka krimu kidogo usoni, anajitahidi kulala. Hakuna aibu. Dani aliona kwa macho kile ambacho hospitali wanaandika kama historia ya familia. Alikosea sababu tu, na tiba. Hayo ni makosa makubwa, kwa sababu ya wembe, lakini si ujinga.

Ninachokumbuka zaidi ni alivyofanya Mama, ambaye alishinda kwanza ndipo akatoa. Nimejaribu kufanya hivyo katika nyumba yangu. Ni kazi ngumu, hasa jioni nikiwa nimesimama tangu alfajiri.

Kama leo. Wamekuja wote bila kunipa taarifa, mapema kuliko wali. Nimeongeza maji kwenye mchuzi wa samaki, nimekata mboga zaidi, nimepakua. Mama amekaa mwisho wa meza na mtoto wangu mapajani, anakagua nyuma ya masikio yake. Baba na mume wangu wapo. Wakubwa wawili wapo, wamenawa, nimewanusa mikono. Samuel Omondi Ogada yupo, na mkewe. Nimepitisha macho mara mbili kama ninavyofanya kila siku, na hakuna sahani isiyo na mtu.